Nondo wa Mwezi na Njuga za Wazulu

Ukimkuta nondo wa mwezi ametulia ukutani karibu na taa, utadhani jani limeota mikia. Ana rangi ya kijani kibichi, kila bawa lina doa kama jicho, na mikia yake miwili humchanganya popo anayemwinda. Hali kitu, maana mdomo wake haufanyi kazi; siku zake chache ni za kupandana na kutaga.

Kiwavi wake hula majani ya mng'ongo, kisha hujisokotea kifuko kigumu cha rangi ya fedha. Wazulu wa Afrika Kusini walivichuma vifuko hivyo, wakatia vijiwe ndani, wakavifunga miguuni kwa ajili ya ngoma. Wanaviita amafahlawane, mtu wa pwani yetu angesema ni msewe tu!

Wazulu waliofuata kazi mjini Durban walikwenda na ngoma zao. Wengi walipanga katika mtaa wa Cato Manor, ardhi iliyopewa jina la George Cato, meya wa kwanza wa mji, na iliyokuwa ya wakulima Wahindi wa mboga. Wapangaji waliiita Mkhumbane, jina la mto wake.

Serikali ya ubaguzi ilianza kuwahamishia wapangaji hao kitongoji cha KwaMashu mwaka 1958. Wanawake waliandamana 1959. Vibanda vyao vikabomolewa hata hivyo. Sehemu kubwa ikabaki vichaka kwa miaka mingi, hadi watu waliporejea kujenga mwishoni mwa miaka ya 1980. Na zile njuga za miguuni, siku hizi hutengenezwa pia kwa makopo.