Mafunzo ya Wasaidizi wa Ajira kwa Waliotoka Gerezani: Hali ya Illasit na Kaunti ya Kajiado

Msaidizi wa ajira kwa waliotoka gerezani ana kazi mbili: kumtafutia nafasi mtu mzima aliyemaliza kifungo, na kuhakikisha nafasi hiyo haimponyoki. Nchini Kenya kazi hizi zimetawanyika mikononi mwa watu wengi, na ni nadra kumpata aliyefunzwa kuzifanya zote mbili. Afisa wa probesheni kwa kawaida huwa na shahada ya sosholojia, saikolojia au ustawi wa jamii. Askari jela hupitia chuo cha Ruiru. Chifu, mchungaji, imamu na afisa wa probesheni wa kujitolea huongozwa na busara zao wenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba pengo hili ndilo linalopoteza faida nyingi ya ufundi unaofundishwa magerezani, na kwamba kazi ya pili, ya kumdumisha mtu kazini, ndiyo inayostahili kupewa nafasi kubwa zaidi katika mafunzo.

Ufundi wenyewe upo. Wafungwa hujifunza useremala, uashi, ushonaji na uchomeleaji, na baadhi yao hufanya mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) wakatoka na vyeti vya daraja. Hata hivyo, cheti hakisemi kama kazi hiyo ipo mahali anakokwenda mwenye cheti. Mfano ulio wazi ni nambari za usajili wa magari, ambazo kwa miaka mingi zimetengenezwa katika gereza la Kamiti. Aliyebobea katika kazi hiyo hana mwajiri wa kumwendea nje ya kuta. Seremala naye aliyezoea mashine za umeme akirudi Illasit huenda akakuta karakana ndogo ya msumeno wa mkono, yenye fundi mmoja na mwanawe.

Illasit ni mji wa mpakani katika Kajiado Kusini, chini ya Mlima Kilimanjaro, ukitazamana na Tarakea upande wa Tanzania. Riziki ya hapo hutokana na nafaka zinazovuka mpaka, mifugo, bodaboda, kupakia na kupakua malori, mjengo, na vibarua vya mashamba ya nyanya na vitunguu kuelekea Rombo na Kimana. Kitengela, karibu kilomita 200 kutoka hapo lakini ndani ya kaunti hiyo hiyo, ina soko jingine kabisa: ujenzi usiokoma, na jirani yake Athi River yenye viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje. Msaidizi anayefunzwa kwa kitabu kimoja kwa kaunti nzima atamshauri mtu wa Illasit aandike barua za maombi ya kazi, ilhali kibarua cha pale hupatikana kwa kufahamiana na kusimama sokoni alfajiri. Somo la kwanza la mafunzo basi ni uchunguzi wa soko la mahali: nani anaajiri, msimu gani, analipa kwa siku au kwa gunia, na ni nani anayesikilizwa akimpendekeza mtu.

Uchunguzi huo unaweza kuanza mapema. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inamruhusu mfungwa mwenye bidii na tabia njema kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja. Tarehe ya kutoka hujulikana, kwa hiyo hakuna sababu ya msaidizi kukutana na mteja wake langoni. Kitambulisho kilichopotea siku ya kukamatwa, laini ya simu iliyofungwa na akaunti ya M-Pesa iliyosahaulika nambari ya siri ni mambo ya kushughulikiwa akiwa bado ndani. Huku mpakani kuna jingine: vibarua huvuka kwenda Tarakea, na Tanzania haikujiunga na mpango wa kutumia kitambulisho pekee kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Anayevuka bila hati ya kusafiria anaweza kujikuta mahakamani tena kwa sababu ya kibarua cha siku moja.

Sheria ya ajira inahitaji kusomwa kwa makini. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, ulemavu na mengineyo, lakini hakikutaja rekodi ya jinai. Cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai hudaiwa kwa dereva wa magari ya abiria na kwa mlinzi wa kampuni binafsi, kazi ambazo vijana wengi hukimbilia. Uingereza ilitunga mwaka 1974 sheria inayofanya hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimekwisha baada ya muda. Kenya haina sheria ya jumla ya aina hiyo kwa watu wazima. Msaidizi asiyejua haya humpeleka mtu kwenye mlango uliofungwa, na kukataliwa huko kunaumiza. Uzito wa rekodi ulipimwa mjini Milwaukee, Marekani, na mwanasosholojia Devah Pager, aliyechapisha matokeo yake mwaka 2003: miongoni mwa waombaji Wazungu, asilimia 34 ya wasio na rekodi waliitwa na waajiri, dhidi ya 17 ya wenye rekodi, miongoni mwa Weusi, 14 dhidi ya 5.

Illasit mwajiri hahitaji cheti ili kujua. Mji ni mdogo na habari humtangulia mtu. Kuficha hakusaidii, stadi inayotakiwa ni kumfundisha mteja kueleza kosa lake kwa maneno machache ya kweli, kisha kumgeuza msikilizaji atazame kazi anayoweza kuifanya. Mwajiri naye anastahili ukweli. Kumkabidhi kundi la ng'ombe mtu aliyefungwa majuzi kwa wizi wa mifugo ni kumtega yeye na tajiri wake pia. Isitoshe, kifungo cha mahakama si lazima kiwe kimemaliza deni machoni pa familia iliyokosewa. Kwa Wamaasai, suluhu ya wazee na fidia ya mifugo ina uzito wake, na Katiba ya 2010 katika Ibara ya 159 inazihimiza mahakama kuendeleza njia za jadi za kutatua migogoro, mradi haki za msingi zisivunjwe. Msaidizi aliyefunzwa vizuri huenda kwa wazee kabla ya kwenda kwa mwajiri. Asipofanya hivyo, ugomvi wa zamani utamfuata mteja hadi kazini, na mwajiri atamwachisha ili apate amani.

Baada ya kuajiriwa ndipo kazi ngumu huanza. Mshahara wa kwanza huvuta jamaa wenye madai ya miaka. Msimamizi akipoteza jembe, macho yote humgeukia mmoja. Mtu aliyeamriwa kila kitu kwa miaka, tangu kuamka hadi kulala, huona vigumu kuomba ruhusa, kukataa dhuluma kwa utulivu, au kueleza kwa nini amechelewa. Huko New York, mpango wa Center for Employment Opportunities, unaowapa waliotoka gerezani kazi za muda mara moja, ulichunguzwa kwa kulinganisha makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu. Ongezeko la ajira lilififia baada ya mwaka wa kwanza, ingawa waliojiunga mapema baada ya kutoka walirudi kwenye uhalifu kwa kiwango kidogo zaidi. Matokeo hayo yanaunga mkono dai la makala haya: kumweka mtu kazini hakutoshi. Mafunzo yampe msaidizi mazoezi ya kutembelea eneo la kazi, kusuluhisha msimamizi na kibarua, na kupanga na mteja matumizi ya ujira, kwa muda wa angalau miezi sita.

Mwanamke aliyefungwa kwa kuuza chang'aa huhitaji njia tofauti. Akirudi nyumbani, sufuria na wateja bado wapo, na watoto wanangoja kula. Kwake mtaji mdogo kupitia chama huenda ukafaa kuliko ajira.

Nani afunzwe? Japani hutegemea wasimamizi wa kujitolea waliotambuliwa kwa sheria tangu mwaka 1950, na Kenya nayo ina maafisa wa probesheni wa kujitolea wanaoishi na wateja wao kijiji kimoja. Hao ndio wa kwanza. Waliowahi kufungwa pia wana nafasi: shirika la Clean Start lilianzishwa na Teresa Njoroge, aliyepitia gereza la wanawake la Lang'ata. Lakini kuijua jela hakumfundishi mtu kuongea na mwajiri, hivyo nao wafunzwe kama wengine. Wakufunzi wapimwe kwa idadi ya wateja walioko kazini baada ya mwaka mmoja. Idadi ya vyeti vilivyogawanywa haitoshi kuwa kipimo. Kwa Kajiado, ofisi za probesheni zinazohudumia mahakama za Kajiado na Oloitokitok zianze kuweka hesabu hiyo sasa, hata kabla ya mtaala kukamilika.