Mkupuo Unaohesabiwa kwa Wiki

Mfanyakazi wa kiwanda cha nyama huko Marekani ameumia mgongo kazini. Bima ya mwajiri inamlipa kila wiki. Serikali kuu nayo inamlipa kila mwezi, kwa kuwa imethibitika hawezi tena kazi yoyote ya maana. Siku moja kampuni ya bima inamletea karatasi: pokea dola 60,000, tumalizane. Baadhi ya viwanda vya namna hiyo vina Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, kwa hiyo si ajabu karatasi hiyo ikapitia kwa mkalimani. Mkalimani anasoma vizuri mpaka anapofika kwenye neno "offset". Hapo anakwama.

Kamusi itampa "fidia" au "sawazisha". La kwanza ni balaa tupu. Fidia ndiyo hela anayolipwa mtu kwa kuumia, na hapa tunatafuta jina la kitu kinachosababishwa na hela hiyo. Ukisema "fidia ya fidia" umemchanganya hata aliyekuwa ameelewa. La pili halina kosa, ila halina habari: nani anasawazisha nini, na nani anabaki na kidogo?

Tuanze na pande mbili zinazolipa. Malipo ya bima ya mwajiri yaitwe fidia, hilo halina ubishi. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliozaliwa na sheria ya mwaka 2008. Malipo ya serikali kuu ya Marekani yanatoka kwenye makato ya mshahara ya miaka iliyopita, kwa hiyo ni mafao ya hifadhi ya jamii. Tatizo ni kwamba mfuko wetu huohuo wa fidia nao huita malipo yake mafao, na miongoni mwake yamo ya ulemavu wa muda na wa kudumu. Mkalimani akisema "mafao ya ulemavu" tu, msikilizaji aliyetoka Dar es Salaam anaweza kudhani yote yanatoka mfuko mmoja. Mimi ningesema "fidia ya mwajiri" na "mafao ya serikali", ingawa si maneno ya kisheria.

Kanuni yenyewe ni hii. Jumla ya fidia na mafao, pamoja na ya familia yanayotokana na mfanyakazi huyo, kwa kawaida haitakiwi kuvuka asilimia 80 ya wastani wa kipato chake kabla ya kuumia. Ikivuka, mafao ya serikali hupunguzwa. Tuseme alikuwa akipata dola 3,000 kwa mwezi. Asilimia 80 ni dola 2,400. Mafao yake ni dola 1,300. Fidia ni dola 360 kwa wiki, sawa na 1,560 kwa mwezi. Jumla ni 2,860. Zimezidi 460, kwa hiyo serikali itampa dola 840 badala ya 1,300. Bunge la Marekani liliweka upunguzaji wa aina hii mwaka 1956, likaufuta 1958, likaurudisha 1965, kwa hoja kwamba mtu asipate akiwa nyumbani zaidi ya alichopata kazini. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliubariki katika kesi ya mfanyakazi wa West Virginia.

Sasa tuite nini? "Makato" yamezoeleka, lakini makato huenda mahali: kwenye kodi, bima, mkopo. Hizi dola 460 haziendi popote, hazilipwi tu. "Punguzo" linanukia duka la nguo mwezi wa Desemba. Nadhani kosa letu ni kutafuta nomino ya tendo. Tukitaje kile kinachogongwa: ukomo. Wanaosikiliza habari za bajeti wanalijua neno hilo. "Ukomo wa asilimia 80" ni jina la kanuni, na tendo libaki kitenzi: mafao yamepunguzwa kwa kuvuka ukomo. Bibi yeyote ataelewa.

Turudi kwenye zile dola 60,000. Hapa Kiswahili kinatudanganya kwa maneno mawili matamu. La kwanza ni "kumalizana". Na kweli, na kampuni ya bima mmemalizana. Na serikali bado. La pili ni "mkupuo", neno lililovuma sana Tanzania mwaka 2018 kwenye mjadala wa kikokotoo cha pensheni. Mkupuo hutufanya tufikiri hela imekuja mara moja, imepita, basi. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani haioni hivyo. Kwao mkupuo uliochukua nafasi ya malipo ya kila wiki ni zile wiki zenyewe, zimelipwa mapema.

Waislamu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani anaweza kutoa fidia ya mwezi mzima siku moja, lakini hesabu yake ni kibaba kwa kila siku. Gunia ni moja, siku ni thelathini.

Kwa hiyo Mamlaka huondoa kwanza gharama za wakili na za matibabu. Tuseme ni dola 20,000, zimebaki 40,000. Kisha inauliza: ni kiasi gani kwa wiki? Hutazama kwanza kiwango kilichoandikwa kwenye hati ya suluhu. Kisipokuwepo, hutumia kile alichokuwa akilipwa, 360. Gawanya: wiki 111, zaidi ya miaka miwili ya kupunguziwa dola 460 kila mwezi. Amepoteza zaidi ya dola 11,000. Lakini hati ikisema kwamba hela hiyo ni ya maisha yake yote yaliyobaki, yanayokadiriwa, tuseme, kuwa miaka 40, basi ni wiki 2,080, dola 19 na senti kadhaa kwa wiki, kama 83 kwa mwezi. Ukomo hauguswi. Hela ni ileile. Kilichobadilika ni sentensi moja. Tuiite "kifungu cha mgawanyo wa maisha".

Haya si ya kila mahali. Baadhi ya majimbo hupunguza fidia na kuyaacha mafao, ila serikali kuu inatambua sheria za namna hiyo zilizokuwepo kufikia Februari 1981 tu. Na anayepokea SSI, ile ruzuku ya wenye kipato kidogo, ana shida nyingine kabisa: akiba ikizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, ruzuku husimama, na kifungu hiki peke yake hakitamwokoa.

Mkalimani mwenzangu, kabla kalamu haijagusa karatasi, mwambie mteja amuulize wakili wake kwa Kiswahili chochote kile: mgawanyo wa maisha umeandikwa ukurasa gani? Hati ikishatiwa saini, kisha ikarekebishwa kwa lengo la kukwepa ukomo tu, Mamlaka hailazimiki kuifuata.