Redio inayoendeshwa kwa mbali: inaweza kusaidia nini kati ya Kasongo na Kabambare?

Kati ya Kasongo na Kabambare, kwa mstari ulionyooka, kuna zaidi kidogo ya kilomita 100. Wakati wa mvua hesabu hiyo haisemi kitu: kinachohesabiwa ni matope na madaraja. Ndiyo sababu foni, ile redio ya mawimbi mafupi inayojulikana kwenye parokia, hospitali na mashirika ya misaada, haijapoteza kazi yake. Rezo ya simu ikianguka, sauti ya foni bado inaweza kupita.

Sasa kuna ufundi unaounganisha redio ya namna hiyo na intaneti. Kituo kinakaa mahali pamoja, anayekiendesha anakaa mji mwingine, hata nchi nyingine. Wanaoutumia sana duniani ni watu wa redio ya ridhaa, yaani wenye kibali cha kuwasiliana kwa redio kwa kujifunza na kufanya majaribio, bila biashara.

Namna inavyofanya kazi

Kwenye kituo kuna masini ya redio, antena, batri na kompyuta ndogo. Kompyuta inachukua sauti inayosikika na kuituma kwa intaneti, inapokea sauti ya mwendeshaji, inabadilisha masafa na kuwasha urushaji kwa amri yake. Mwendeshaji anahitaji tu kompyuta au simu yenye programu inayofaa.

Faida yake ni utulivu. Mjini, jenereta, chaja za bei ndogo na vifaa vya umeme wa jua vinajaza kelele kwenye redio. Antena ikiwekwa kilimani, mbali na nyumba, inasikia vizuri zaidi, na mwendeshaji anabaki kwake.

Sauti haihitaji intaneti kubwa. Kilobiti 50 kwa sekunde zinaweza kutosha. Kinachosumbua ni kuchelewa. Satelaiti zinazosimama juu ya ikweta ziko karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini: neno likienda na jibu likirudi, nusu sekunde imekwisha pita, na watu wanaanza kukatizana. Satelaiti za chini, kama zile za Starlink, iliyopata kibali cha ARPTC mwezi wa tano 2025, zinapunguza sana tatizo hilo.

Kwa kusikiliza tu, mambo ni mepesi. Tangu 2008, Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisikiliza na kuchagua masafa mwenyewe.

Antena ya hapa na pale

Kwa mazungumzo ya Kasongo, Kabambare na Kindu, mnara mrefu si lazima. Waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kutundikwa mita chache juu ya ardhi, unafaa kwa masafa ya megahezi 7. Mawimbi yanapanda karibu wima, yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kama mvua, juu ya eneo la mamia ya kilomita. Msitu na vilima haviyazuii. Usiku mara nyingi inabidi kushuka hadi megahezi 3.5, na waya unakuwa mara mbili kwa urefu.

Mguu dhaifu

Mguu dhaifu wa mpango huu ni intaneti yenyewe. Foni ya kawaida inategemea vitu vitatu: masini, antena na batri. Ya mbali inaongeza cha nne, na ndicho kinachoanguka kwanza. Siku rezo inakatika, ndipo foni inahitajika zaidi, na ndipo mwendeshaji wa mbali anabaki bubu.

Kuna hatari nyingine. Intaneti ikikatika katikati ya mazungumzo, masini inaweza kuendelea kurusha peke yake. Masini ya wati 100 hula karibu ampea 20 inaporusha, huku ikisikiliza tu hula moja au mbili. Batri itakwisha, na masafa yatazibwa kwa wengine. Kwa hiyo lazima kiwepo kifaa cha kukata urushaji chenyewe baada ya dakika chache.

Halafu kuna radi. Utafiti uliotumia satelaiti, uliochapishwa 2016, uliiweka Kampene, katika teritori ya Pangi hapa Maniema, kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Wingu likifunga, waya wa antena lazima uchomolewe kwenye masini. Aliye Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,200, hawezi kuuchomoa.

Sheria inasemaje

Kinachohesabiwa ni mahali masini inaporushia, wala si mahali mtu alipokaa. Kituo kilichoko Kasongo kinafuata sheria za Kongo hata kama mwendeshaji yuko Brussels: kibali kinatoka ARPTC, na jina la kituo cha ridhaa linaanza na 9Q. Kibali cha ridhaa si kibali cha foni ya hospitali au ya comptoir ya dhahabu. Kwa kanuni za kimataifa, kituo cha ridhaa kinaweza kupeleka nje ya nchi ujumbe wa watu wengine wakati wa dharura au maafa tu.

Vilevile, mazungumzo ya ridhaa hayafichwi kwa lugha ya siri. Kila mwenye redio anasikia. Jina la mgonjwa au njia watakayopita wakimbizi si maneno ya kusema hapo. Lakini mlango wa intaneti wa kituo lazima ufungwe kwa neno la siri, ili mtu mwingine asiingie na kusema kwa jina la kituo.

Kwa hiyo kwa Kasongo na Kabambare, mkono wa mbali unaweza kuwa msaada wa pili: kusikiliza usiku, kufundisha vijana, kumpokea zamu aliyechoka. Wa kwanza ni mtu anayeishi karibu na masini, anayejua kusema kwenye foni, kupima batri na kuchomoa waya kabla ya radi. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, zianze kumfundisha huyo.