Haki za mwenye simu inapotiwa kipuri mbadala

Na MWANDISHI WETU

SIMU ya mkononi inapoanguka na kioo chake kupasuka, mwenyewe hubaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuipeleka katika kituo kilichoidhinishwa na kampuni iliyoiunda, ambako mara nyingi gharama huwa ya juu. Ya pili ni kumwendea fundi katika vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi, au katika mtaa wowote wa biashara nchini, ambako kazi humalizika mteja akiwa ameketi pale pale.

Wengi hufuata njia ya pili, wala si ajabu. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, simu imekuwa mkoba wa pesa, daftari la biashara na albamu ya familia. Kukaa siku kadhaa bila simu ni hasara kwa mchuuzi, mwendeshaji bodaboda na hata mwanafunzi.

Lakini kuna swali ambalo wateja wengi husahau kuuliza: Kipuri kinachotiwa ndani ya simu hiyo kimetoka wapi? Jibu lake ndilo huamua iwapo simu itadumu, na iwapo mteja atakuwa na pa kushika mambo yakiharibika.

Aina nne za vipuri

Neno 'orijino' hutumiwa ovyo madukani. Kwa hakika, vipuri vya simu ni vya aina nne.

Aina ya kwanza ni vipuri asilia, yaani vilivyotolewa na kampuni iliyounda simu yenyewe. Ya pili ni vile vilivyong'olewa kutoka kwa simu nyingine ya aina hiyo hiyo. Hivi pia ni asilia, ila vimekwisha kutumika.

Aina ya tatu ni vipuri mbadala. Hivi huundwa na kiwanda kingine ili vitoshee kwenye simu fulani, bila kudai kuwa vimetoka kwa kampuni husika. Ubora wake hutofautiana sana: kuna vinavyokaribia vya asilia, na kuna visivyodumu.

Aina ya nne ni vipuri ghushi, ambavyo hubandikwa nembo ya kampuni bila idhini yake ili kumhadaa mnunuzi. Kosa haliko katika kuunda kipuri kinachotoshea, bali katika kukivika jina la mwingine. Huo ndio mpaka uliopo kati ya kipuri mbadala na kipuri ghushi.

Mpaka huo huweza kuzua mzozo. Nchini Norway, maafisa wa forodha walizuilia skrini 63 za iPhone mwaka wa 2017 zilizokuwa zimeagizwa na mwenye duka dogo la ukarabati. Nembo za Apple kwenye skrini hizo zilikuwa zimefunikwa. Mwenye duka alishinda katika mahakama ya kwanza mwaka wa 2018, lakini akashindwa katika rufaa, na mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba haki ya nembo ilikuwa imekiukwa.

Hapa Kenya, Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008 huharamisha biashara ya bidhaa zinazoiga nembo ya mwingine. Wakenya pia wanakumbuka jinsi simu ghushi takriban milioni 1.9 zilivyozimwa mitamboni mwishoni mwa Septemba 2012. Hata hivyo, hatua hiyo iliwalenga wenye simu ghushi. Simu halali haigeuki kuwa ghushi kwa sababu imetiwa betri ya kiwanda kingine.

Dalili za kutambua

Skrini nyingi za bei nafuu ni za LCD ilhali simu ilitoka kiwandani ikiwa na OLED. Mteja anaweza kuitambua kwa kuweka picha nyeusi tupu na kuitazama gizani: OLED huwa nyeusi tititi, nayo LCD hutoa mwanga wa kijivujivu. Aidha, simu ambayo hutambua alama ya kidole kupitia skrini kwa kawaida hupoteza uwezo huo inapowekewa LCD.

Betri ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Baadhi huandikwa uwezo mkubwa kuliko walio nao, na betri isiyo na kinga ya kutosha inaweza kufura au kushika moto. Betri iliyofura haifai kubonyezwa wala kutobolewa, na simu yenye betri hiyo haifai kuchajiwa.

Hata hivyo, jina la kampuni pekee si kinga. Mwaka wa 2016, Samsung ililazimika kurejesha simu zake za Galaxy Note 7 na hatimaye kusitisha uundaji wake baada ya baadhi kushika moto, ilhali betri zake zilikuwa zimetoka kwa wasambazaji wa kampuni yenyewe.

Jambo jingine ni maji. Simu iliyoundwa kuzuia maji hufungwa kwa gundi maalumu. Ikifunguliwa na kurudishwa bila gundi hiyo, kinga huisha hata kama kipuri kilichotiwa ni asilia.

Simu inapokataa kipuri

Kuna tatizo ambalo fundi hodari hawezi kulitatua kwa bisibisi. Baadhi ya kampuni huipa kila sehemu ya simu nambari yake na kuifunganisha na ubao mkuu. Sehemu ikibadilishwa, programu huitambua kuwa ngeni, na simu huonyesha onyo au kuzima baadhi ya huduma.

Kisa kilichovuma zaidi ni kile cha 'Error 53'. Baadhi ya wenye iPhone 6 waliokuwa wamebadilishiwa kitufe cha alama ya kidole nje ya vituo vya Apple walisasisha programu, na simu zao zikafa kabisa. Mwaka wa 2016 kampuni hiyo iliomba radhi na kutoa programu ya kuzifufua.

Nchini Australia, tume ya kulinda watumiaji wa bidhaa ilienda mahakamani kwa sababu wateja walikuwa wameambiwa kwamba hawastahili kusaidiwa kwa kuwa simu zao zilikarabatiwa na mtu mwingine. Mnamo Juni 2018, mahakama iliitoza Apple faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo. Ilibainika kuwa kukarabatiwa na mtu mwingine hakukutosha kumnyang'anya mteja haki aliyopewa na sheria.

Kampuni hutetea ufunganishaji huo kwa hoja ya usalama: kitambuzi cha kidole au cha uso hulinda pesa na siri za mwenye simu, na kwa hivyo hakifai kubadilishwa kiholela. Hoja hiyo ina uzito kwa vitambuzi hivyo. Ni vigumu kuitumia kwa kioo au betri.

Mataifa mengine yamechukua hatua. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1975 inakataza kampuni kufungamanisha dhamana na matumizi ya vipuri vyake pekee, isipokuwa inapovitoa bila malipo au kupata kibali maalumu. Mwaka wa 2024, jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuzuia ufunganishaji wa vipuri, ikihusu vifaa vilivyoundwa kuanzia Januari 2025.

Umoja wa Ulaya nao umeweka kanuni zilizoanza kutumika Juni 20, 2025, zinazotaka vipuri muhimu vya simu vipatikane kwa miaka saba baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuuzwa.

Sheria za Kenya zasemaje?

Sheria zinazomlinda mwenye simu nchini ni za jumla, lakini si dhaifu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, kulindiwa usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro.

Haki ya kupewa habari ndiyo kiini cha suala hili. Fundi hakosei kwa kutumia kipuri mbadala. Anakosea anapokiita 'orijino'. Sheria ya Ushindani ya 2010 huharamisha madai ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa au kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika.

Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine zitakazotajwa katika kanuni. Inamtaka anayekarabati kutoa makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi, na kumrudishia mteja sehemu zilizoondolewa. Hata pale ambapo fundi wa simu hatajwi, utaratibu huo ni kipimo kizuri cha kumdai.

Siri zilizomo ndani ya simu zinalindwa pia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ile ya makosa ya kimitandao ya 2018 hazimpi fundi ruhusa ya kupekua picha au ujumbe wa mteja eti kwa sababu amekabidhiwa simu.

Kuhusu dhamana, ni busara kusoma masharti yake mapema. Ikiwa muda wake haujaisha, anza na muuzaji au kituo kilichoidhinishwa, kwa kuwa kufungua simu kwingine kunaweza kuzua ubishi. Muda ukiisha, uamuzi ni wako.

Kabla ya kumkabidhi fundi simu

Kwanza, hifadhi nakala ya picha na nambari zako, kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu. Usimpe mtu yeyote nambari ya siri ya M-Pesa.

Pili, bonyeza *#06# na uandike nambari ya IMEI. Irudie simu ikishatengenezwa. Ikiwa imebadilika bila wewe kuarifiwa, huenda ubao mkuu si wako tena.

Tatu, uliza bei na aina ya kipuri, na kama kuna muda wa kukijaribu. Taka kukiona kabla hakijatiwa, na uombe kile cha zamani.

Nne, jaribu kamera, spika, maikrofoni, chaji na mguso wa kila pembe ya kioo kabla ya kuondoka.

Tano, dai risiti iliyoandikwa aina ya kipuri, bei, tarehe na muda wa dhamana ya fundi. Mali bila daftari huisha bila habari. Pasipo karatasi hiyo, malalamishi hugeuka kuwa neno lako dhidi ya lake.

Mzozo usiposuluhishwa, mteja anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Mamlaka ya Ushindani, au kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, sheria inaitaka iamue katika muda wa siku 60, na mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili.

Kipuri cha bei nafuu kinaweza kuiongezea simu miaka na kumwokoa mwenyewe gharama ya kununua nyingine. Mradi achague mwenyewe, akijua anachokilipia.