Mnyoo Mwenye Meno

Kenya haina salamanda. Ukisikia mtu ameona mmoja Kenyenya, jua ni mjusi. Nasi tulipokuwa tukilima huko, chochote kirefu kilichojinyonganyonga kwenye udongo kilikuwa mnyoo, basi. Ni baadaye sana nilipojua kwamba kule Taita kuna "mnyoo" mwenye uti wa mgongo, taya na meno. Huyo ni sesilia, ndugu wa chura na salamanda.

Aliyempa jina la kisayansi, mwaka 1935, ni Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kusimamia makumbusho ya Nairobi kabla ya kuhamia Harvard. Alimwita Boulengerula taitanus. Nusu ya kwanza inamheshimu Boulenger, bwana wa makumbusho ya London. Nusu ya pili ni Taita, angalau. Wakulima waliokuwa wakimfukua kwa jembe hawamo.

Jina lilipatikana, lakini maisha yake yakabaki gizani miaka 71. Mwaka 2006 ndipo watafiti walipoeleza kwenye jarida la Nature jinsi anavyolea. Mama hutaga kwenye shimo udongoni na kukaa na mayai. Hakuna kiluwiluwi wa majini. Hadi hapo anafanana na salamanda wengi wa nchi kavu kule Marekani, ambao pia hulinda mayai hadi yaanguliwe. Tofauti ni kwamba salamanda hao hutoka wakiwa wadogo lakini kamili, kila mtu ajitafutie. Watoto wa sesilia hutoka wachanga kabisa, na chakula chao ni ngozi ya mama. Tabaka lake la juu hunenepa na kujaa mafuta, nao hulichuna kwa vijimeno maalum. Ndani ya wiki moja tu, mama hupungua takriban 14% ya uzito. Hafi. Ngozi huota tena.

Jirani yake wa mlima Sagalla, Boulengerula niedeni, alipewa jina 2005 na hajulikani kwingine kokote. Anahitaji udongo laini wenye unyevu, na mikaratusi inaukausha.

Hapo ndipo habari inanigusa. Gusii mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, na karatusi ziko kila mpaka. Za nyanya zimelipa karo ya watu kadhaa, mimi nikiwemo. Sijamwambia azikate. Nimemwomba tu, akilima akakuta mnyoo mwenye mdomo, asiukate na jembe, anipigie simu.