Daila haioni geitiwei: pa kuanzia ukiwa Kericho au Bomet

Kijana wa Pwani mwenye diploma ya mitandao hachagui kazi. Akiitwa Kericho au Bomet, huenda. Huko kwenye mashamba ya chai anaweza kukuta kituo kidogo cha simu. Kuna kompyuta yenye daila, yaani programu inayopiga nambari kwa foleni na kumpa simu mhudumu aliye huru. Kando yake kuna geitiwei, kisanduku chenye antena na laini za simu ndani. Daila humpa geitiwei simu kupitia kebo ya mtandao, naye huitoa hewani kama simu ya kawaida. Viwili hivi visipoonana, wahudumu wanaolipwa kwa idadi ya simu hukaa bure kutwa nzima, na lawama zote humwangukia fundi.

Mafundi wengi hukimbilia kuvuruga daila. Iache kwanza. Anza chini, kwenye waya: taa za kebo zinawaka kwenye swichi na kwenye geitiwei? Kisha, ukiwa kwenye kompyuta ya daila, ipigie ping anwani ya geitiwei. Isipojibu, usiguse mipangilio ya daila. Tatizo liko kwenye mtandao.

Shuku kwanza anwani iliyobadilika. Milima ile hupata unyevu kutoka Ziwa Victoria, na Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Radi ikipiga alasiri, umeme waweza kupotea. Ukirudi, ruta huwaka upya na pengine kugawa anwani upya. Geitiwei iliyolala ikiwa 192.168.1.50 yaamka 192.168.1.63, na daila bado inaitafuta ile ya jana. Dawa yake ni kuipa anwani ya kudumu, nje ya zile zinazogawiwa na ruta, na kuiandika kwa kalamu juu ya kisanduku chenyewe. Fundi atakayekuja baada yako atakuombea dua.

Radi pia hupenya kwenye antena ya nje na kebo ndefu. Taa ikizima baada ya dhoruba, jaribu kebo nyingine, kisha tundu jingine la swichi, kabla ya kuhukumu kwamba kisanduku kimeungua.

Ping ikijibu lakini simu hazitoki, panda ngazi. Daila nyingi, Vicidial ikiwemo, zimejengwa juu ya Asterisk. Kwenye matoleo yanayotumia chan_sip, amri ya sip show peers hukuonyesha OK pamoja na milisekunde, au UNREACHABLE. Ukiona UNREACHABLE ilhali ping inajibu, tazama fayawoli: poti 5060 ya UDP huenda imefungwa. (Poti hii si Kilindini, ni mlango wenye nambari ndani ya mashine.) Jibu la 403 lakutaka uangalie jina na neno la siri.

Kuna kero nyingine, simu inapokewa lakini mmoja hamsikii mwenziwe. SIP hupanga simu tu; sauti hupita njia yake, RTP, na Asterisk kwa kawaida huipa poti 10000 hadi 20000. Hili hutokea zaidi daila ikiwa Mombasa na geitiwei iko Bomet, kwa sababu geitiwei hujitambulisha kwa anwani ya ndani isiyofika nje. Zima SIP ALG kwenye ruta, na afadhali uunganishe pande mbili kwa VPN. Kuiacha 5060 wazi kwa dunia nzima ni kuwakaribisha wezi wapige simu za ng'ambo kwa salio lako.

Yote yakiwa sawa na simu bado zinakataa, chomoa laini, itie kwenye simu ya mkononi, upige kwa mkono. Ikikataa hapo pia, imefungwa, haina salio, au usajili wake una kasoro. Ikikubali, sogeza antena dirishani. Kwenye mabonde ya Bomet hatua chache hubadilisha mawimbi.