Mto Seine na Miraba ya Paris

Msomaji, ukipewa kamera leo na kuambiwa uupige picha mto wa mji wako, yamkini utakwenda penye daraja lililo zuri kuliko yote, ungoje jua lipunguke ukali, kisha ubonyeze. Mwenzako naye atasimama pale pale saa ile ile. Watu mia wakitumwa hivyo, picha mia zitarudi na mahali pamoja tu pataonekana. Nataka kukusimulia habari za mashindano yaliyoiepuka hasara hiyo, katika mji wa Paris, mwaka 1970.

Mto Seine ulianza kupigwa picha zamani sana. Louis Daguerre, ambaye ufundi wake ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, aliupiga picha mwaka ule ule penye daraja la Pont Royal. Siku hizo bamba la picha lilihitaji dakika nyingi mbele ya mwanga, na kila mpita njia aliyekwenda bila kusimama hakuacha hata kivuli. Mafuriko ya Januari 1910 yalikuta hali nyingine kabisa. Maji yalipanda hata kimo cha mita 8.62 penye daraja la Austerlitz, yakajaza njia za reli zilizo chini ya ardhi, na watu wakapita barabarani kwa mitumbwi. Kwenye daraja la Alma iko sanamu ya askari ambayo watu wa Paris huitumia kupimia mto. Mwaka ule maji yalimfika mabegani. Kadi za posta za gharika ile ziliuzwa kwa wingi, na kwa sababu hiyo twaijua vizuri. Msiba mkubwa haukosi wapiga picha. Kinachowakosa ni siku ya kawaida.

Basi, Mei 1970, duka liitwalo Fnac, ambalo tangu kuanzishwa kwake mwaka 1954 lilikuwa likiuza vyombo vya kupigia picha, liliwaalika watu wa ridhaa, yaani wasiopata riziki kwa kamera, waupige picha mji mzima. Hapana shaka duka lilijua kwamba apigaye picha nyingi hununua filamu nyingi. Ila shauri lenyewe lilikuwa jema kuliko faida yake. Ramani ya Paris iligawanywa katika miraba 1,755, kila upande wa mraba mita 250, na kila mshindani akapewa mraba wake kwa kura. Walijiandikisha watu zaidi ya 10,000.

Fikiri maana ya kura hiyo. Mmoja aliangukiwa na kanisa la Notre-Dame, na mto ukilizunguka pande mbili. Bila shaka alishukuru. Mwingine alipata ukuta wa bohari, uwanja wa makaa, au njia isiyo na jina la kukumbukwa. Huyu wa pili hakuwa na la kufanya ila kutazama kwa makini. Nami nasema kwamba, kwa mtu wa historia, bahati njema ilikuwa yake. Tuchukue kingo za mto zilizo mbali na makanisa na majumba ya wafalme. Upande wa mashariki, mahali paitwapo Bercy, yalikuwako mabohari ya divai yaliyoshuka karibu na maji. Upande wa magharibi, huko Javel, kilikuwako kiwanda cha motokaa cha Citroën. Ni nani angetoka nyumbani kwake Jumapili kwenda kupiga picha mapipa na mabomba ya moshi? Kiwanda kilifungwa mwaka 1975, na penye uwanja wake leo pana bustani. Mabohari ya Bercy nayo yalibomolewa, isipokuwa machache.

Wakati wenyewe ulikuwa wa haraka. Soko kuu la Les Halles lilikuwa limekwisha kuhamishiwa Rungis mwaka 1969, na mabanda yake ya chuma yalianza kuvunjwa mwaka 1971. Kwenye ukingo wa kulia wa Seine ilikuwa imefunguliwa mwaka 1967 barabara kuu ya motokaa, juu ya gati ambazo zamani zilipita watu na mizigo, na wakubwa walikuwa na mpango wa kujenga nyingine ukingo wa kushoto. Mpango huo ulipingwa sana, ukaachwa mwaka 1974. Hata lile daraja la Alma lilijengwa upya kati ya mwaka 1970 na 1974, ingawa yule askari alibakizwa. Washindani hawakuweza kujua ni lipi litakaloondoka na lipi litakalosalia. Ndiyo sababu ya kupendelea mraba usiochaguliwa na mtu.

Zilipatikana picha zipatazo 100,000, nyingine za rangi, nyingi nyeusi na nyeupe. Nyingi si nzuri, kusema kweli. Zimewekwa katika Maktaba ya Historia ya Mji wa Paris. Sehemu ya ile barabara ya ukingo wa kulia ilifungwa kwa motokaa mwaka 2016, nao waendao kwa miguu wakarudi kando ya maji. Na Julai 2025 watu waliruhusiwa kuogelea tena mahali maalumu katika mto ambao kuogelea kwake kulikatazwa tangu 1923. Atakaye kujua gati zilikuwaje kabla ya mageuzi hayo ataomba katika maktaba ile picha za mraba fulani, na atatazama kazi ya mtu aliyepelekwa hapo na kura.